Jumapili za Kucha

Wiki tatu zimepita tangu tumzike Koko. Nimevuka mto mara nne kwenda Lubunga na kurudi, kwa ajili ya vyombo, nguo na mambo ya kiwanja, na kila mara watu waliokaa nami kwenye mtumbwi waliniambia pole, nami nikajibu asante. Sikulia. Sijisifu kwa hilo wala sijilaumu, ndivyo ilivyokuwa tu. Nilikuwa kama mkono ulioulalia: unajua ni wako, lakini huusikii.

Siku ya kumwosha tulikuwa wanawake wanne. Mkubwa wetu, mama mmoja wa msikitini ambaye ameosha maiti nyingi za mtaa ule, alinipa mkono wa kushoto wa Koko na kijiti kilichozungushiwa pamba.

"Safisha chini ya kucha," aliniambia. "Polepole. Kazi hii unaijua, wewe ni mutoto wa nyumba ya kucha."

Kisha akainua mkono wa kulia, akautazama kwenye mwanga wa dirisha. "Ajabu. Mutu alipaka hina mabibi-arusi wote wa Lubunga, na kucha yake mwenyewe iko wazi hivi. Hata alama hakuna."

Mwenzake akasema labda ni uzee, wazee huchoka na mapambo. Nikamaliza kidole kidogo, nikaenda kinachofuata. Sababu niliijua. Kulikuwa na jambo moja nililopaswa kumwambia Koko kuhusu kucha. Nimekaa nalo zaidi ya miaka thelathini, na sasa mkono wake ulikuwa baridi ndani ya mkono wangu na bado sikuwa nimelisema.

Basi nakuambia wewe.

Koko ndivyo tulivyomwita bibi yetu, kama watoto wengi wa Kisangani wanavyowaita bibi zao. Familia yetu ni ya wale Waislamu wa zamani ambao babu zao walifika na biashara kutoka Maniema, wakakaa, wakazaa, wakasahau kurudi. Wazazi wangu walilima mpunga huko Bengamisa. Mimi na dada yangu mkubwa tuliachwa kwa Koko, Lubunga, upande wa kushoto wa mto, ili tusome. Dada yangu nilimwita Yaya. Wakati ninaousema mimi nilikuwa na miaka tisa, yeye kumi na tisa.

Kiwanja cha Koko kilikuwa na mti wa limau, kichaka cha hina karibu na choo, na benchi moja refu lililotengenezwa kwa ubao wa zamani wa reli. Harufu ya pale bado ninayo: maganda ya limau, moshi wa makala, yaani mkaa, na mawese yanayoanza kupata moto. Asubuhi kazi yangu ilikuwa kumenya ndizi mbichi kwa ajili ya lituma, zile ndizi zinazochemshwa na kupondwa mpaka zishikane. Kama umewahi kuzimenya unajua utomvu wake. Mwanzo ni maji tu, huoni kitu. Ukifika saa sita vidole ni vyeusi, na kucha zina mpaka mweusi pembeni kama umezichora kwa kalamu.

Na Jumatatu mwalimu wetu alikuwa anakagua kucha. Baada ya bendera tulisimama kwenye mstari mikono mbele, naye anapita na rula yake akiinua vidole kimoja kimoja. Alikuwa na maneno yake. "Hizi ni kucha za mwanafunzi au za fundi wa baiskeli?" Darasa linacheka, rula inashuka. Siku nyingine alimwambia rafiki yangu, "Wewe ulichimba kaburi ya nani?" Msichana yule akalia mpaka mapumziko, na sisi tulimwita Kaburi mpaka mwaka ukaisha. Watoto hatuna huruma.

Kwa sababu hiyo Jumapili mchana watoto wa mtaa mzima walikuja kukaa kwenye benchi la Koko. Wakristo walikuja moja kwa moja kutoka misa, na nguo zao safi. Koko aliketi kwenye kigoda, mbele yake beseni la maji ya vuguvugu, jivu kwenye kopo, chumvi, na malimau yaliyokatwa nusu.

"Leta mukono. Hii ni ndizi. Mwingine. Hii ni makala, wewe unalala jikoni? Mwingine. Hii... ee! Hii ni nini?"

"Ni wino, Koko."

"Wino ya kidole kumi? Unaandikaga na mikono yote miwili, wewe waziri?"

Kila rangi alikuwa na jibu lake. Weusi wa ndizi ulikuwa wa jivu na limau: unatumbukiza kila kidole ndani ya nusu ya limau, unakizungusha, unakaa hivyo mpaka aseme toa. Ukiwa na kidonda utapiga kelele, na wenzako watafurahi. Ili usichafuke tena, unapaka mawese mikononi kabla ya kumenya. Umanjano wa binzari ulipewa limau na chumvi. Kucha nene za manjano, zile za mama waliokuwa wanalowesha mihogo mtoni siku nzima, alizipa maji ya chumvi ya moto na kitunguu saumu kilichopondwa, akawaambia wakaushe vidole vizuri, na waje tena mwezi ujao na mwezi mwingine. Nyingine zilipona, nyingine hapana, naye hakuwadanganya. Mimi nilipopigwa na mchi kwenye kidole gumba, doa jeusi likaingia chini ya ukucha, aliliangalia akasema, "Hii hakuna dawa. Damu imelala. Tuiache itembee, itatoka mbele peke yake." Ikatembea miezi mingi.

Tulipokuwa tunangoja zamu, tulicheza mchezo wetu. Unabonyeza ukucha wa mwenzako mpaka unakuwa mweupe, kisha unaachia, na wote mnasema kwa sauti "Rudi!" na kuanza kuhesabu. Wekundu ukirudi kabla ya mbili, umeshinda. Mchezo wenyewe tuliuita Rudi. Hapakuwa na maana yoyote ndani yake. Wote tulishinda karibu kila mara, ndiyo maana tuliupenda.

Yaya ndiye aliyekuwa fahari ya benchi lile. Koko alimsugua kwa limau tangu akiwa mdogo, na mwaka ule kucha zake zilikuwa nyeupe kuliko za mtu yeyote. Nyeupe kama mshumaa. Koko aliinua mkono wake mbele ya watoto. "Munaona? Kucha ya mutu safi. Muangalie, mujifunze."

Mwanamke mmoja tu alisema tofauti. Alikuwa jirani yetu, mke wa mvuvi, aliyezaliwa kule kwenye maporomoko kwa Wagenia. Alikuja kila Jumapili kuomba maganda ya limau aondoe harufu ya samaki mikononi. Siku ile alichukua mkono wa Yaya, akakaa nao, akaugeuza.

"Koko, mimi naona hii si usafi. Mutoto huyu damu yake iko kidogo. Umupatie matembele, umupatie maini."

Koko alicheka. "Wewe mutu wa samaki! Utanifundisha mimi kucha?"

"Samaki pia, sisi tunaangaliaga rangi kabla ya kununua."

"Bon, siku nitauza Yaya sokoni nitakuita."

Watoto wakacheka, jirani naye akacheka, akaondoka na maganda yake. Walikuwa marafiki na walizoea kuchokozana hivyo. Nadhani kama angekuwa adui Koko angemsikiliza zaidi, angekaa usiku kufikiri kwa nini amesema vile. Kwa rafiki lilipita kama utani.

Yaya alikuwa amechumbiwa. Kijana alikuwa fundi cherehani wa ng'ambo, mpole, wa familia kama yetu. Shangazi zake walitakiwa kuja Jumapili moja kumtazama bibi-arusi na kukubaliana siku. Ijumaa ile Koko alichuma hina, akaitwanga kwenye kinu kidogo ambacho hakikuruhusiwa kutwanga kitu kingine, akaikanda kwa limau na majani ya chai yaliyochemka sana. Alimpaka Yaya mkono wa kulia mwenyewe, kiganja na vidole. Kisha pondu, yale majani ya mihogo, ikaanza kuungua jikoni, akanipa bakuli. "Malizia kushoto. Kucha kwanza. Na usijaze pembeni kama mutu anapiga ukuta rangi."

Nilikaa mbele ya Yaya. Kabla ya kuweka hina nikabonyeza ukucha wa kidole chake gumba, kwa mazoea tu, nikasema "Rudi." Nikaachia.

Ulikuwa mweupe kabla sijabonyeza, ukawa mweupe nilipoachia. Nilihesabu mpaka tano. Nikajaribu kidole kingine. Ilikuwa kama kubonyeza kifungo cha shati.

"Ya kwako hairudi," nilimwambia.

Yaya alitazama jikoni. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba alikuwa anachoka. Akipandisha ndoo kutoka mtoni anakaa mara tatu njiani, na moyo unapiga mpaka masikioni. "Usimuambie Koko. Hawa mama watasema bibi-arusi iko mugonjwa, watarudi kwao. Nitasema mwenyewe, Jumapili ikipita."

"Kweli?"

"Kweli. Weka mingi. Weka mpaka isionekane."

Nikaweka mingi. Nilifurahi kuwa na siri na mtu mkubwa, ukweli ndio huo. Yaya alichukua hina kidogo kwa ncha ya kijiti akanipaka ukucha wa kidole changu kidogo, kama malipo. Koko akatoka jikoni na mwiko.

"Alors, munanong'ona nini pale?"

"Hakuna kitu, Koko," nilisema mimi. Siyo Yaya. Ni mimi niliyejibu.

Shangazi walikuja, wakala lituma na samaki, wakashika mikono ya Yaya wakaisifu hina kwamba imekolea. Siku ikapangwa. Jumatatu nilimwuliza Yaya kama amesema, akasema kesho. Jumatano alishikwa na homa.

Koko alimpeleka kwenye dispensari ndogo iliyokuwa karibu. Nilikwenda nao. Muuguzi wa zamu alichukua mkono wa Yaya, akaugeuza juu na chini. Kucha nyekundu, viganja vyekundu. Akatabasamu. "Bibi-arusi! Malaria inakuonea wivu." Akampa vidonge. Leo najua angeweza kufungua jicho lake na kutazama ndani ya kope, kwa sababu nimeona wengine wanafanya hivyo. Hakufanya. Watu walikuwa wengi kwenye foleni, na mkono aliouona ulikuwa mwekundu. Mimi nilisimama pale pale, kichwa changu kwenye usawa wa meza yake. Sentensi moja ingetosha.

Jumamosi asubuhi Yaya hakuweza kusimama. Mume wa jirani yetu alituvusha kwa mtumbwi wake wa kuvulia, ukiwa bado na magamba ya samaki chini. Yaya alilala kichwa chake kwenye mapaja ya Koko. Mimi nilipewa kandambili zake nizishike, nikazishika njia nzima. Hospitalini daktari mmoja kijana, mwanamke, alifungua jicho la Yaya kwa kidole gumba na uso wake ukabadilika. Akatuma mtu akimbie kutafuta damu. Kisha akamgeukia Koko, bila ukali, kama mtu anayeuliza njia.

"Mama, kabla ya hina hamkuona kucha zake?"

"Niliona, docteur," Koko alisema. "Nilifikiri ni usafi."

Alisema hivyo mbele ya watu wote wa chumba kile. Damu ilikuwa bado inatafutwa wakati Yaya alipokufa, kabla ya saa tisa mchana. Kandambili nilirudi nazo nyumbani mikononi.

Baada ya arobaini Koko alichukua panga akakata kichaka cha hina mpaka chini, akachoma mizizi. Kinu kidogo akampa jirani, kitwange pilipili. Wanawake waliokuja kumwomba apake bibi-arusi aliwaambia hina imekufa na yeye hajui mahali pa kupata nyingine. Pale mtaani kulikuwa na vichaka vya hina angalau vinne.

Mimi nilibaki na ile hina ya kidole kidogo. Ukucha ukikua, hina inasogea mbele, na chini yake unatokea mwezi mpya usio na rangi. Kila Jumapili Koko alinikata kucha, na kila Jumapili aliruka kidole kile. Nilimenya ndizi nikiwa nimekikunja. Mpaka ikabaki hina ya ncha tu, imepasuka, inakwama kwenye nguo. Siku hiyo akanishika mkono, akakata. Kile kipande hakukitupa. Alikifunga kwenye pindo la kitenge chake, akafunga fundo.

Kisha akaniuliza, akiangalia beseni. "Ule muchezo wenu wa kubonyeza. Munafanyaga namna gani?"

Nikamwonyesha kwenye kidole chake gumba. Nikabonyeza, nikaachia, nikasema "Rudi." Wekundu ukarudi hata kabla ya moja.

"Na Yaya," akasema. "Mulichezaga naye?"

Mpaka leo naona jinsi maji yale yalivyokuwa, na mbegu mbili za limau zikielea. Alikuwa anauliza kweli. Kama ningesema ndiyo, angejua kwamba si yeye peke yake aliyeona na kupita, kwamba Yaya mwenyewe alijua na aliniomba ninyamaze, kwamba mzigo ule ulikuwa wa watu watatu. Nilikuwa na miaka tisa na niliogopa kupigwa. Sasa najua asingenipiga.

"Hapana," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa. Akaniambia nikaushe vidole.

Tangu hapo Jumapili za kucha ziliendelea, lakini kwa namna nyingine. Kabla ya limau, kabla ya jivu, Koko alibonyeza ukucha wa kila mtoto na kuhesabu. Watoto walifikiri bibi amekuwa mtoto, wakacheka, wakamsaidia kuhesabu. Mtoto ambaye wekundu wake ulichelewa hakupewa limau. Koko alivaa kanga yake, akamshika mkono, akampeleka kwa mama yake, na mama akisita Koko alimchukua mwenyewe mpaka kwenye dispensari na kusimama mbele ya meza. "Fungua macho yake. Usiangalie mikono, fungua macho." Walimwona msumbufu. Mtoto wa mwisho wa jirani yetu wa samaki alipelekwa hivyo, akaongezwa damu, na leo ana watoto wake. Jirani hakumkumbusha Koko hata siku moja maneno ya matembele na maini. Alileta samaki, akaondoka na maganda, mpaka alipofariki yeye.

Mimi nilikua, nikasoma mpaka darasa la pili la sekondari, nikaolewa ng'ambo hii. Nilivuka kumwona Koko mara nyingi, na mara zaidi ya kumi nilivuka nikiwa nimejiambia leo nitasema. Ningefika, angeniuliza watoto hawajambo, angenipa kigoda, ningemenya ndizi pamoja naye. Mawese mikononi kwanza. Jioni inakaribia, mtumbwi wa mwisho unaitwa, ninaondoka. Sikuzuiwa na mtu. Nilikuwa nimezoea kutosema, ndivyo unavyozoea ukucha ulioota vibaya.

Benchi la ubao wa reli limeliwa na mchwa. Mti wa limau ulikauka upande mmoja, wapangaji wa Koko wakautumia kuanikia nguo, kisha wakaukata. Watoto wa sasa hawakaguliwi kucha. Binti yangu anapaka vernis, ile rangi ya kucha ya dukani, kila wiki, rangi ya bluu, rangi ya fedha, na akiitoa kucha zimekuwa za manjano, anakuja kwangu na nusu ya limau. Namwambia atumbukize, azungushe, aache kupaka kwa mwezi mmoja. Lakini kwanza nambonyeza kila kidole. Ananiuliza ni dawa gani hiyo. Namwambia ni mchezo wa zamani.

Nirudi kwenye ile siku ya kuosha. Nilikuwa nimemaliza vidole vinne. Wale mama watatu walikuwa wamegeuka kuchukua maji ya karafuu. Kidole gumba cha Koko kilikuwa kipana, ukucha mfupi, safi, usio na chochote. Nikaubonyeza. Nikaachia. Nikasema lile neno, na nikahesabu mpaka mbili, kisha nikaendelea kuhesabu.

"Unasema nini, mama?" aliniuliza yule mkubwa, akigeuka na ndoo.

"Hakuna kitu," nilimjibu, nikampisha amwage maji.